SOMO: Kunyoosha pikapu iliyogonga mbele, ukiwa nyumbani na kijana aliyeigonga

Wakuu, swali hili limeulizwa hapa mpaka limechosha. Kijana kapewa Hilux apeleke mzigo Mbagala, kagonga gari la mtu kwa nyuma, mzazi anataka watengeneze wenyewe uani. Naandika mara moja. Akija mwingine, aelekezwe hapa.

Somo linahusu gari la chesisi (bodi limekaa juu ya fremu ya chuma yenye reli mbili) lililogonga mbele kwa mwendo mdogo: bampa, shoo (wavu wa mbele), taa, rejeta, fenda moja, na ncha za reli za chesisi kupinda kidogo. Kama eabegi zimefumuka, gari limebinuka, au chesisi imekunjika nyuma ya matairi ya mbele, hapa si mahali pake. Peleka kwa wenye benchi ya kuvutia, yaani mashine ya kunyooshea chesisi.

1. Karatasi kwanza. Ripoti ya polisi na mtu wa bima aone gari kabla hujagusa bolti hata moja.

2. Umeme. Toa taminali hasi ya betri, subiri angalau sekunde 90 ndipo ushike waya wowote wa eabegi.

3. Kuvua. Bampa, shoo, taa, fenda, boneti. Kazi hii mwachie kijana, na apige picha kila waya kabla ya kuuchomoa. Bolti za kila sehemu ziingie kwenye chupa yake ya maji iliyokatwa shingo na kuandikwa. Gesi ya AC itolewe na fundi wa AC mwenye mashine. Paipu zikishafunguliwa, ziba midomo yake na nailoni palepale, maana hewa ya Dar ina unyevu na unyevu ndiyo sumu ya AC.

4. Kupima. Egesha kwenye sakafu ya saruji. Chagua matundu manne ya kiwandani kwenye reli za chesisi: mawili mbele, mawili chini ya kabini, kila jozi ikitazamana kushoto na kulia. Shusha timazi ya fundi mwashi kutoka kila tundu, weka alama ya chaki sakafuni, kisha pima msalaba: mbele kushoto hadi nyuma kulia, halafu kinyume chake. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita 3, chesisi imeenda pembeni. Timazi haioneshi kama reli imenyanyuka au imelala. Kwa hilo tumia mpira wa maji, uleule wa kupimia msingi wa nyumba. Kijana aandike namba zote kwenye daftari, na tarehe.

5. Kuvuta. Chenibloku (kapi la mnyororo la kuvutia kwa mkono), mnyororo mzima usio na pete iliyofunguka, na mwembe mnene. Usifunge kwenye nguzo ya geti. Nyuma ya gari nako kufungwe, la sivyo utavuta gari zima. Vuta kuelekea ulikotoka mgongano, kidogo kidogo, huku unagonga mikunjo kwa nyundo ili chuma kilegee. Chuma kina tabia ya kurudi: reli iliyorudi nyuma milimita 20 utaivuta mpaka 23 hivi, ulegeze, upime tena. Tupia godoro bovu juu ya mnyororo, na asisimame mtu yeyote kwenye mstari wake. Mnyororo ukikatika hauchagui.

6. Saporti ya rejeta, ile fremu ya mbele inayobeba rejeta. Hapa ndipo karibu kila mtu anaharibu, na mimi simo nje ya hesabu hiyo. Mtu ananunua saporti, anaiona imekaa vizuri kwa macho, anaichomelea au anakaza bolti zote, kisha ndipo anarudisha boneti. Boneti inakataa. Upande mmoja uwazi wa kidole, upande wa pili inapanda juu ya fenda. Sasa achague kukata alichochomelea au kupinda boneti ifuate kosa, na wengi wanapinda boneti. Sababu ni kwamba saporti ndiyo inayoshika taa, kufuli ya boneti, rejeta na ncha za fenda kwa pamoja. Ikikosea milimita 5, vyote vinne vinakosea, na kila kimoja kinaonekana kama ndicho kibovu.

Fuata mpangilio huu. Boneti irudi kwanza kwenye bawaba zake. Fenda zifuate, bolti zikiwa za mkono tu, ukilinganisha uwazi wa fenda na mlango kwa upande ambao haukugongwa. Kisha saporti, taa, na kufuli ya boneti, vyote vikiwa vimelegea. Sukuma, vuta, mpaka uwazi wa boneti ufanane kushoto na kulia. Hapo ndipo unakaza, au kama ni ya kuchomelea unagusa nukta nne tu, unafunga na kufungua boneti mara kumi, ndipo unamalizia kwa vipande vya sentimita 2 ukirukaruka ili bati lisipinde kwa moto.

Tahadhari: usipanue tundu kwa grenda ili bolti iingie, bolti isipoingia inakwambia kitu bado kimepinda. Usiamini fenda ya mtumba kama kipimo, huenda nayo ilitoka kwenye ajali. Kufuli ya boneti ina hatua mbili na zote zishike. Ikishika moja, siku utakayokuwa Morogoro Road boneti itakuja kwenye kioo. Kabla ya kuchomelea, taminali ya betri iwe nje, soketi za kompyuta ya gari zichomolewe, na klipu ya ethi (waya wa kurudishia umeme wa mashine ya kuchomelea) ikae karibu kabisa na unapochomelea. Ndoo ya mchanga iwe pembeni.

7. Rejeta. Rudisha, jaza kulanti, washa injini ukiwa umefungua hita ili hewa itoke. Panga la feni lisikaribie ganda lake, kwa sababu injini hucheza unapofunga breki.

8. Puti na rangi. Puti ni ya kusawazisha, si ya kujaza shimo: milimita 3 inatosha. Hadina (dawa ya kugandisha) gramu 2 kwa puti gramu 100. Kwa joto letu changanya kidogo kidogo, inaganda ukiwa bado unapaka. Msasa 80, kisha 180, praima, kisha 400 na 600 kwa maji. Chuma kilichobaki wazi kipate praima siku hiyohiyo, kikilala kinaamka na kutu. Rangi pigeni kuanzia saa 4 asubuhi umande ukiisha. Siku ya mvua acheni, kliya, lile koti la juu la kung'aa, itapauka. Rangi ya hadina ina sumu ya mapafu, barakoa ya kitambaa haisaidii. Vaeni ya vichujio vya mvuke, watoto wakae mbali, na muulizeni jirani kama ameanika nguo.

9. Majaribio. Taa kwanza: ukiwa mita 5 kutoka ukutani, mstari wa juu wa mwanga wa dimu uwe sentimita 5 chini ya kimo cha taa. Kisha wili alaimenti ya mashine. Kijana ajaribu breki kwenye uwanja mtupu kwa mwendo wa 20, halafu 40. Gari likivuta upande, rudi hatua ya 4.

MASWALI

Mzee wa Keko: Mkuu, yote hayo sh ngapi?

Jibu: Hujasema gari gani wala limegonga wapi. Vua kwanza, andika vilivyovunjika, ndipo uje na bei.

BintiTabata: Shikamoo kaka. Mimi ndiye niliyegonga, baba ananisaidia. Reli zinaonekana zimenyooka kabisa. Bado tupime?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Pimeni. Reli mbili zinaweza kuhama pamoja kwenda upande mmoja, zikabaki sambamba, jicho likadanganyika. Msalaba ndio unaosema. Angalia pia uwazi kati ya kabini na bodi la nyuma: ukiwa mpana juu kuliko chini, au kushoto kuliko kulia, jibu unalo. Kagua na mkono wa chini wa sasipensheni upande uliogonga, rangi iliyobanduka kwenye kona yake ni dalili kwamba umepinda. Mkono huo haunyooshwi, unabadilishwa.

BintiTabata: Tumepima. Tofauti milimita 9.

Jibu: Umefanya vizuri kupima kabla ya kununua chochote. Vuteni, na baada ya kila mvuto andika namba mpya chini ya ile ya zamani. Ukiona haisogei tena huku mnyororo umekaza, simameni, kuna mkunjo haujagongwa.

Chuma Chakavu: Fundi wangu anapasha chesisi kwa gesi mpaka iwe nyekundu, miaka yote, haijawahi kukatika.

Jibu: Haijakatika kwake, gari lilishaondoka. Chuma kilichopashwa hadi wekundu kinapoteza ugumu wake, na ndani ya reli kinga ya kutu inaungua. Yako ni yako, somo hili ni la kuvuta baridi.

Chuma Chakavu: Basi nikate nchani niunge ya mtumba?

Jibu: Kwenye Hilux namba ya chesisi mara nyingi imegongwa reli ya kulia, karibu na tairi la mbele. Ukikata hapo utawaeleza polisi mwenyewe.

Kigamboni Spea: Nyongeza kwa wanaonunua taa. Za Dubai zimetengenezwa kwa wanaoendesha kulia, mwanga wake unapanda kulia, yaani machoni kwa anayekuja. Chukua za nchi zinazoendesha kushoto kama sisi, Thailand au Japani.

Jibu: Hilo nilisahau, asante.

Fundi Rejeta: Na msijaze rejeta mpya maji ya kisima. Visima vingi vya huku vina chumvi, rejeta inatoboka mapema. Kulanti nusu, maji ya betri nusu, ila someni chupa, zipo zenye asidi zinazofanana nayo.

Mzee wa Keko: Ni Hilux Vigo, taa ya kushoto, shoo, rejeta na klipu za bampa.

Jibu: Sasa tunaongea, mzee wangu. Klipu usinunue moja moja, chukua pakiti Gerezani, nusu zitavunjika mkononi. Shoo na taa zungukia Ilala, nenda na ya zamani mkononi ulinganishe matundu ya bolti kabla hujatoa hela.