Kurudisha mikoko pembezoni mwa mji: anza na maji

Mikoko mingi inayopandwa mijini hufa kwa sababu imepandwa pasipo pake. Mwongozo huu ni wa vikundi vya Mikindani, Mtwara mjini na Lindi vinavyotaka kuona kaa, kamba na ndege wakirudi.

1. Omba ruhusa. Misitu ya mikoko ni hifadhi ya serikali chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania). Waone wao, mwenyekiti wa mtaa na BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi) ya hapo. Kama ni shamba la chumvi lililoachwa, mtafute na mwenye shamba.

2. Soma maji. Hapa usiwe na haraka. Nenda wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, uchomeke vigingi pale maji yanapokomea. Rudi wakati wa maji mafu, yanapojaa kidogo, uone ni vigingi gani havifikiwi. Mikoko huishi nusu ya juu ya eneo linalojaa na kupwa. Miche ikikaa majini muda mrefu mno, mizizi hukosa hewa. Kwa hiyo yaacheni yale matope tupu ya chini. Ndege wanaohamia kutoka Ulaya na Asia hula hapo, na majani ya bahari nayo yana wakazi wake.

Kisha uliza wazee: mikoko ya hapa iliondokaje? Kama ilikatwa kwa boriti na kuni, ukataji ukikoma msitu unaweza kujirudia. Kama tuta la chumvi au la barabara limeziba kijito, hata upande miche elfu, utaizika tu. Kwa ruhusa ya wahusika, fungueni tuta pale mkondo wa zamani ulipopita. Miti mama ikiwa karibu, maji yataleta mbegu yenyewe. Subirini msimu mzima wa mbegu. Miche ikijiotea kwa wingi, msipande kitu. Mimi naiamini njia hii kuliko kitalu chochote.

3. Chagua mti kwa mahali. Mlilana hukaa mbele, baharini. Mkoko wenyewe (Rhizophora) hupenda matope laini kando ya vijito. Msinzi na mkandaa hufuata nyuma, na mchu hustahimili chumvi kali ya upande wa nchi kavu. Msijaze mkoko kila mahali kwa kuwa tu mbegu yake ni rahisi kuchomeka.

4. Okota mbegu. Mbegu ndefu ya mkoko iliyokomaa huachia kwa kuguswa, na shingo yake huwa ya manjano. Iliyotobolewa na wadudu, tupa. Nyingine ziweke kivulini, zikiwa na unyevu.

5. Panda maji yakipwa, wakati wa mvua. Chomeka theluthi moja ya urefu wa mbegu, ncha iliyochongoka chini, kwa nafasi ya mita 1 hadi 1.5.

6. Tunza. Kila bamvua, ondoeni plastiki, nyavu na mwani vilivyonasa kwenye miche, na mbuzi wasifike. Miche ikifa kwa wingi sehemu moja, msirudishie mingine. Rudini kwenye vigingi vyenu mkaangalie maji upya.