Kutambua Sarafu Iliyokosewa Kiwandani

Sarafu nyingi zinazodhaniwa kuwa na makosa ya kiwandani huwa zimekwaruzwa, kugongwa au kuunguzwa baadaye mikononi mwa watu, hivyo swali la kwanza ni kasoro ilipatikana wapi.

Sarafu huzaliwa pale kisahani cha metali kisicho na alama kinapobanwa kwa nguvu kati ya mihuri miwili. Muhuri ukipata ufa, metali hupenya ndani yake na sarafu hutoka na mstari ulioinuka, ilhali mkwaruzo wa msumari huacha mfereji ulioingia ndani. Ishike sarafu kingoni bila kuisugua wala kuisafisha, uizungushe polepole chini ya taa inayomulika kutoka ubavuni, huku ukiitazama kwa lenzi inayokuza mara 5 hadi 10.

Penye maandishi yaliyorudufika ndipo wengi hukosea. Ikiwa muhuri wenyewe ulichorwa mara mbili, kama ilivyokuwa kwa baadhi ya senti za Marekani za mwaka 1955, nakala zote mbili za herufi huwa zimeinuka na ncha zake hugawanyika waziwazi. Muhuri uliolegea ukicheza wakati wa kupiga, kinachoonekana ni kijingazi bapa kilichoila herufi na kuipunguza unene. Hicho kwa kawaida hakiongezi thamani, hata kikivutia macho namna gani.

Sarafu yenye pengo la mviringo ikaguliwe ukingo ulio mkabala na pengo. Ukingo uliofifia hapo ni dalili nzuri, ingawa haipatikani kila mara, kwamba kisahani kilikatwa vibaya kabla ya kupigwa.

Makosa mengine hayahitaji lenzi. Uingereza ilipobadili sura ya peni 20 mwaka 2008, tarehe ilihamishiwa upande wa malkia, lakini baadhi zikapigwa kwa muhuri wa zamani wa upande huo pamoja na muhuri mpya wa upande wa pili, zikatoka bila mwaka wowote.

Mwisho ni mizani na sumaku. Senti ya Marekani ya mwaka 1943 ilikuwa ya feleji iliyopakwa zinki, yenye gramu 2.70, nazo chache zilizopigwa kimakosa kwa shaba zina takriban gramu 3.11. Ikiwa yako ina rangi ya shaba lakini inanaswa na sumaku, basi imepakwa tu.