Namna ya Kubishana Kuhusu Nyota wa Fainali za NBA Ukiwa Kisumu

Fainali za NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, kwa kawaida huchezwa mwezi Juni, na mechi nyingi huanza saa mbili na nusu za jioni kwa saa za New York, ambazo kwetu Kisumu ni saa tisa na nusu za usiku. Ndiyo maana ubishi wenyewe hauanzi mechi inapochezwa, bali asubuhi, kwenye kibanda cha chai, baina ya waliokesha wakaja na macho mekundu, walioona vipande vya dakika tano kwenye simu wakisubiri abiria wa bodaboda, na ambao hawakuona chochote ila wamesoma matokeo. Wote hao wana haki sawa ya kuketi kwenye benchi, lakini hawana ushahidi sawa. Mwongozo huu ni wa yeyote kati yao anayetaka hoja yake isimame hata baada ya mandazi kwisha.

Kubalianeni swali kabla ya kugombania jibu

Baada ya fainali za 2024, ambazo Boston iliishinda Dallas kwa mechi nne kwa moja, niliwasikiliza wenzangu wawili wa Kondele wakibishana tangu chai ya kwanza hadi jua lilipoanza kuchoma mabati. Mmoja alishikilia kwamba Jayson Tatum alinyimwa haki yake, kwa kuwa ndiye aliyeongoza Boston kwa alama, kwa ribaundi (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa) na kwa pasi zilizozaa vikapu. Mwingine alishikilia kwamba Jaylen Brown alistahili ile tuzo ya mchezaji bora wa fainali, ambayo alipewa kwa kura 7 kati ya 11, kwa sababu alifunga na papo hapo akabeba kazi ya kumkaba Luka Dončić, nyota wa Dallas. Hakuna aliyekosea. Wa kwanza alikuwa akijibu swali la nani alibeba mzigo mkubwa zaidi wa timu, wa pili swali la nani aliufanya mfululizo, yaani zile mechi zote za fainali, uelekee upande mmoja, na kwa kuwa hawakulitaja swali lolote kwa sauti, kila mmoja alimwona mwenzake kuwa kipofu.

Kwa hiyo, kabla hujasema jina la mchezaji, mwulize mwenzako tunajadili nini. Je, ni nani aliyecheza vizuri zaidi katika mfululizo huu? Ni nani aliyestahili tuzo? Au ni nani aliye mkubwa zaidi katika historia ya mchezo? Swali la tatu ndilo sumu ya vibanda vyote, na likiingia katikati ya mjadala wa mechi ya jana, lirudishe nje kwa upole, hata kama limeletwa na mzee unayemheshimu.

Swali la tuzo nalo lina mtego wake. Tangu tuzo hiyo ianze kutolewa mwaka 1969, ni mchezaji mmoja tu kutoka timu iliyoshindwa aliyewahi kuipata, naye ni Jerry West wa Lakers, mwaka huohuo wa kwanza. Miaka mingine yote imekwenda kwa timu iliyoshinda. Anayekuambia kwamba fulani hakuwa bora kwa sababu hakupewa tuzo amekuambia jambo kuhusu desturi ya wapiga kura, si kuhusu mchezo.

Mfano ulio bora kuliko yote ni wa 2015. Cleveland walimkosa Kevin Love, aliyeumia bega tangu raundi ya kwanza, kisha wakampoteza Kyrie Irving kwa jeraha la goti katika mechi ya kwanza ya fainali. LeBron James akabaki peke yake na kikosi cha watu wa kujaza nafasi, akawa na wastani wa alama 35.8, ribaundi 13.3 na pasi 8.8 kwa mechi, na bado Golden State wakatwaa ubingwa kwa mechi nne kwa mbili. Tuzo ilikwenda kwa Andre Iguodala, aliyekuwa na wastani wa alama 16.3 na ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kumkaba huyohuyo LeBron. Ukilileta swali hili kibandani, usikubali likaachwa hapo. Shabiki wa LeBron akumbushwe kwamba mtu wake aliingiza chini ya asilimia 40 ya mitupo yake, na shabiki wa Iguodala aulizwe kama kumlazimisha mtu afunge 35 kwa taabu ni sawa na kumzuia. Mimi binafsi ningempa LeBron kura yangu, ila sijawahi kumshinda kwa urahisi mtu anayejua kuutetea upande wa pili.

Namba bila kigawanyo ni kelele

Sisi tuliolelewa na mpira wa miguu, tukibishana kuhusu Gor Mahia, tumezoea namba chache: bao moja, kadi moja, penalti iliyopotea. Mpira wa kikapu unatumwagia namba kwa debe, na mgeni hudhani kwamba aliye na namba kubwa zaidi ameshinda ubishi. Alama 30 hazina maana mpaka ujue zilipatikana kwa mitupo mingapi.

Kuna hesabu moja unayoweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu huku chai ikipoa. Chukua idadi ya mitupo ya kawaida aliyoijaribu mchezaji, uongeze mitupo huru (ile ya kufidia faulo) aliyoijaribu ikiwa imezidishwa kwa 0.44, jumla uizidishe kwa mbili, kisha ugawe alama zake kwa jibu hilo. Ile 0.44 ipo kwa sababu mitupo huru kwa kawaida hutolewa kwa jozi, na mara nyingine mmoja hutolewa kama nyongeza baada ya kikapu kuingia, kwa hiyo kila mmoja haumalizi shambulizi zima.

Tuijaribu kwa mechi mbili zinazojulikana. Mwaka 2021, katika mechi ya sita, Giannis Antetokounmpo, kijana wa wazazi wa Kinigeria aliyezaliwa Ugiriki, aliipa Milwaukee ubingwa dhidi ya Phoenix kwa alama 50. Alijaribu mitupo 25 na mitupo huru 19, akaingiza 17 kati ya hiyo huru. Hesabu yetu inatoa takriban 0.75, kiwango cha kustaajabisha. Mwaka 2010, katika mechi ya saba dhidi ya Boston, Kobe Bryant wa Lakers alifunga alama 23 kwa mitupo 24, ambayo aliingiza 6 tu, na mitupo huru 15. Hesabu inatoa chini kidogo ya 0.38, kiwango ambacho mchezaji wa kawaida angetolewa nje akae. Hata hivyo Lakers walishinda 83 kwa 79, Kobe akiwa na ribaundi 15, katika mechi ambayo timu zote mbili zilikuwa zikikwangua alama kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Usiku huo Kobe alifunga vibaya, na usiku huohuo aliisaidia timu yake kushinda, na msemaji mzuri husema yote mawili kwa pumzi moja. Mashabiki wake husahau la kwanza, wapinzani wake husahau la pili.

Mtazame asiye na mpira

Hapa ndipo waliokesha wanapowashinda waliotazama vipande. Vipande vya simu hukusanya vikapu vilivyoingia, kwa hiyo huwezi kuona ndani yake mtupo uliokosa, mlinzi aliyechelewa, wala dakika nane ambazo nyota hakugusa mpira lakini alikuwa akiuendesha mchezo wote.

Katika fainali za 2022 Stephen Curry wa Golden State alifunga alama 43 mjini Boston katika mechi ya nne. Katika mechi ya tano, nyumbani kwake, alijaribu mitupo tisa ya alama tatu asiingize hata mmoja. Aliyesoma namba peke yake angesema nyota amezimika. Lakini Golden State walishinda 104 kwa 94, na Andrew Wiggins akapata alama 26 na ribaundi 13. Sehemu kubwa ya maelezo ni kwamba walinzi wa Boston, wakiwa bado na zile 43 kichwani, waliendelea kumfuata Curry mbali na kikapu, mara nyingi wawili kwa mmoja, na kila walipofanya hivyo wenzake wanne walibaki kucheza dhidi ya watatu. Mtu anaweza kukosa kila mtupo na bado awe ndiye sababu ya nafasi ya mwenzake.

Ukitaka kujifunza kuliona jambo hili, fanya zoezi dogo. Chagua robo moja tu ya mechi, yaani dakika 12, na usiutazame mpira kabisa. Mtazame mlinzi aliyepewa nyota, na mlinzi wa jirani yake. Hesabu ni mara ngapi huyo wa pili anamwacha mtu wake ili asaidie. Itakuchosha, na mara ya kwanza utajihisi kama mtu aliyealikwa harusini akaambiwa atazame mlango, lakini asubuhi utakuwa na hoja ambayo hakuna mwingine kibandani aliyeibeba.

Ipo namba inayojaribu kukamata mambo haya, ile inayoonyesha timu iliongoza au ilizidiwa kwa alama ngapi wakati mchezaji fulani akiwa uwanjani. Itumie kwa mfululizo mzima, na hata hapo kwa tahadhari. Kwa mechi moja inadanganya, kwa kuwa mchezaji wa akiba aliyeingia pamoja na nyota watatu huonekana shujaa.

Usihukumu kwa usiku mmoja

Mfululizo huhitaji ushindi wa mechi nne, na tangu 2014 viwanja hugawanywa hivi: mbili kwa mwenyeji wa kwanza, mbili ugenini kwake, kisha hubadilishana moja moja. Aliyeshinda mbili za kwanza nyumbani amefanya lililotarajiwa, basi. Mwaka 2016 Golden State waliongoza mechi tatu kwa moja, na wengi wakaanza kuzika Cleveland. Draymond Green wa Golden State akafungiwa mechi ya tano, mambo yakageuka, Cleveland wakatwaa ubingwa, na LeBron akamaliza mfululizo akiwa ameongoza wachezaji wa timu zote mbili kwa alama, ribaundi, pasi, kunyang'anya mipira na kuzuia mitupo. Walioandika hukumu baada ya mechi ya nne walilazimika kuimeza.

Uliza pia habari za mwili. Mwaka 2025 Tyrese Haliburton wa Indiana aliishinda Oklahoma City katika mechi ya kwanza kwa mtupo uliobakiza sekunde 0.3. Katika mechi ya tano hakuingiza hata mtupo mmoja kati ya sita, akapata alama 4 zote kwa mitupo huru, na kibanda chetu kilimkata vipande. Msuli wa ndama ya mguu wake ulikuwa umeumia. Katika mechi ya saba alianza kwa kuingiza mitupo mitatu ya alama tatu, kisha kano ya kisigino ikakatika kabla robo ya kwanza haijaisha. Sisemi kwamba jeraha hufuta namba, maana zile 4 zilibaki 4, ila anayesema mtu aliogopa awe na ushahidi wa woga.

Mambo madogo ya kibandani

Kuhusu pete, yaani hoja ya kuhesabu ubingwa, jibu ni fupi: Robert Horry anazo saba na Michael Jordan anazo sita, na hakuna anayedai Horry ni mkubwa kuliko Jordan.

Kuhusu enzi, usilinganishe alama za miaka ya 1970 na za leo bila kukumbuka kwamba NBA ilianza kuhesabu mtupo wa alama tatu katika msimu wa 1979 hadi 1980.

Kuhusu waliocheza kamari, waulize mapema na bila dharau kama wana mkeka juu ya mechi. Mtu ambaye mkeka wake umechanika kwa sababu ya mtupo mmoja wa mwisho hawezi kumhukumu aliyekosa mtupo huo, na ni vyema kumnunulia chai kwanza.

Kuhusu wewe mwenyewe, anza kwa kukiri usiku mbaya wa nyota wako kabla hujatajiwa na mwingine. Mimi ni mtu wa LeBron, na nikiketi husema wazi kwamba mwaka 2011 dhidi ya Dallas alikuwa na wastani wa alama 17.8, na katika mechi ya nne alipata 8 tu, timu yake ikipoteza kwa tofauti ya alama tatu. Hakukuwa na jeraha la kulisingizia. Nikishasema hivyo, wazee hunisikiliza ninapoifikia 2016, nao vijana hukosa silaha waliyokuwa wameinoa tangu alfajiri.

Ubishi ukikwama, msipandishe sauti. Kila mmoja aseme mbele ya mashahidi ni jambo gani, likitokea katika mechi ijayo, litamfanya abadilishe mawazo, na mwenye kibanda aliandike kwa chaki pembeni mwa bei za chapati. Kisha chaji simu yako jioni mapema, kabla stima haijapotea, na uweke kengele ya saa tisa na robo.