Sasisho limeifanya programu ya kusafisha ikufungie Chrome? Mimi nafanya hivi

Steshenari yangu ina kompyuta sita za wateja. Kazi ya kufagia historia, kuki (vifaili vinavyokumbuka nani ameingia kwenye tovuti) na kache (nakala za kurasa zilizotembelewa) niliiachia programu moja ya kusafisha, jina lake nalihifadhi, ikawa inajiendesha yenyewe kila nusu saa. Alasiri moja binti mmoja alikuwa kafika ukurasa wa mwisho wa fomu ya mkopo wa chuo, kainama kutafuta cheti cha kuzaliwa kwenye mkoba. Anainua kichwa, Chrome haipo.

"Kaka, umeizima?"

Sikuwa nimegusa kitu. Usiku nikasoma maelezo ya toleo jipya lililokuwa limejipakua siku hiyo. Zamani programu ilikuwa ikikuta kivinjari kimefunguliwa inakiruka. Sasa inakifunga kwanza, kisha inasafisha. Nilikasirika, halafu likaniingia jambo baya zaidi. Kama ilikuwa inaruka, na kwangu Chrome iko wazi asubuhi mpaka jioni, basi kile kitiki cha kijani cha kuonyesha imesafisha kilikuwa kinanidanganya muda wote. Nikafungua Gmail kwenye mashine namba nne, ambayo ilikuwa bado na toleo la zamani, nikakuta akaunti za wateja watatu bado zimo.

Kwa hiyo kuirudisha kwenye tabia ya zamani si dawa. Unataka isifunge bila ruhusa, na pia isiruke kimyakimya.

Kwa nini kivinjari kilicho wazi kinasumbua? Chrome na Firefox huhifadhi historia na kuki kwenye faili za hifadhidata za SQLite. Kivinjari kikiwa kazini kinazishikilia, na Windows kwa kawaida haikuruhusu kufuta faili iliyoshikwa namna hiyo. (Linux ingekuachia ufute, lakini faili lingeendelea kuishi mpaka programu iliachie.) Tena kuki nyingine ziko kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), zinasubiri kuandikwa. Unafagia, nyuma yako mtu anamwaga mchanga upya.

Hatua ya 1: Simamisha ratiba, kisha kagua mipangilio

Zima kujiendesha kabla ya kitu kingine. Halafu tafuta mahali programu yako inapoeleza itafanya nini ikikuta kivinjari kimefunguliwa. Kwa kawaida utakutana na tabia tatu: kuruka, kuuliza, au kufunga kwa nguvu. Chagua kuuliza. Swali likija na kisanduku cha "usiniulize tena", kiache bila tiki, maana hapo ndipo wengi wanapojifunga wenyewe.

Ukiwa hapohapo pitia tiki zote. Sasisho linaweza kurudisha chaguo ulizokwisha kuziondoa. Mbili za kuogopa ni nywila zilizohifadhiwa na kipindi, yaani orodha ya vichupo vilivyokuwa wazi. Hicho kikifutwa, hakuna cha kurejesha.

Hatua ya 2: Funga kivinjari kikafungika kweli

Kubofya X hakutoshi. Andika `chrome://settings/system` kwenye sehemu ya anwani. Utaona swichi inayoruhusu programu za chinichini ziendelee hata Chrome ikishafungwa. Izime. Kwa Edge nenda `edge://settings/system`. Huko ziko mbili: hiyohiyo ya chinichini, na nyingine ya kuharakisha uwashaji, inayoiweka Edge tayari hata kabla hujaifungua. Zima zote mbili. Firefox haina makuu, ila baada ya kuifunga ipe sekunde chache imalize kuandika faili zake.

Hatua ya 3: Hakikisha kwa macho

Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika:

`tasklist | find /i "chrome.exe"`

Isipojibu kitu, Chrome imelala. Ikitoa mistari kumi na zaidi usishtuke, kwa sababu Chrome hugawa kazi zake kwenye michakato mingi. Kwa Edge tafuta `msedge.exe`. Ukiona `msedgewebview2.exe`, iache! Hiyo hutumiwa na programu nyingine kuonyesha kurasa ndani yake, na ukiiua unaweza kuzima kitu usichokijua.

Hatua ya 4: Tazama kabla ya kufuta

Siku hizi natumia programu nyingine ya kusafisha, BleachBit. Ni huru (msimbo wake uko wazi), ya bure, ipo tangu 2008, na ukiiendesha kwenye dirisha lake wakati Chrome iko wazi inakwambia uifunge kwanza ndipo ujaribu tena. Fungua dirisha la amri ndani ya folda ya BleachBit, uanze na onyesho, ambalo halifuti kitu:

`bleachbit_console.exe --preview google_chrome.cache google_chrome.cookies`

Soma orodha. Ukiridhika, badilisha `--preview` iwe `--clean`.

Hatua ya 5: Faili dogo la jioni

Nimeandika faili la `.bat`, yaani orodha ya amri ambazo Windows huzitekeleza moja baada ya nyingine, nikaliweka ndani ya folda ileile ya BleachBit, toleo lisilohitaji kusakinishwa. Nalibofya mwenyewe baada ya mteja wa mwisho kutoka:

```
@echo off
taskkill /IM chrome.exe
timeout /t 10
tasklist | find /i "chrome.exe" && (echo Chrome bado ipo, sisafishi & pause & exit /b)
bleachbit_console.exe --clean google_chrome.cache google_chrome.cookies google_chrome.history
```

Angalia mstari wa pili: sijaweka `/F`. Ukiiweka, Windows inaua mchakato papo hapo. Bila hiyo, Chrome inaombwa ifunge kistaarabu, na ukurasa wenye fomu ambayo haijatumwa unaweza kuuliza kama kweli unataka kuondoka. Swali hilo lingemwokoa yule binti. Taskkill ikilalamika kwamba michakato fulani haifungiki bila nguvu, usijali, mara nyingi huzimika zenyewe ndani ya zile sekunde kumi. Zisipozimika, faili linakataa kusafisha na kukwambia hivyo.

Kama ajali imeshatokea

Fungua Chrome tena. Ikikueleza kwamba haikufungwa vizuri, bofya kitufe cha kurejesha. Isipokueleza, bonyeza Ctrl+Shift+T. Vichupo vitarudi kama kipindi hakikufutwa, lakini maandishi ya ndani ya fomu usiyategemee. Usiiendeshe programu ya kusafisha mpaka umerejesha, na ratiba iwe imezimwa kweli, isije ikarudi kukumalizia kilichobaki.

Na kwa mashine za wateja nimeacha kabisa kufagia mchana. Njia ya mkato ya Chrome kwenye eneokazi (desktop) nimeibofya kulia, nikaenda Properties, na kwenye kisanduku cha Target nimeongeza neno hili mwishoni, baada ya `chrome.exe"` na nafasi moja:

`--guest`

Inafunguka kama mgeni, haioni akaunti wala historia ya mtu mwingine, na madirisha yote ya mgeni yakifungwa kuki na historia yake vinaondoka. Faili alizopakua zinabaki kwenye folda ya vipakuliwa, hizo nazifuta kwa mkono. Yule binti alirudi kesho yake kujaza fomu upya. Sikumtoza, na nilimkalisha mashine namba nne.