Kabla hujagusa IRQ kwenye BIOS ya kompyuta ya zamani

Naongelea zile mashine za miaka ya 90 zenye sloti za kuchomekea kadi za aina mbili pamoja, ISA (ya zamani) na PCI (mpya zaidi). Kadi ya sauti ikigoma tu mtu anakimbilia BIOS (ile programu ya mipangilio inayotangulia ukiwasha mashine) kubadilisha namba kwa kubahatisha. Tulia kwanza.

Kuingia ni Delete au F2, angalia skrini ukiwasha. Saa ikirudi nyuma kila ukizima, badili betri ya ubao mama kwanza (nyingi ni CR2032), la sivyo utaseti usiku kucha na asubuhi hamna kitu.

IRQ (namba ambayo kifaa hutumia kumwita prosesa) ziko 16 tu, 0 mpaka 15, na karibu zote zina wenyewe. 1 ya kibodi, 6 ya flopi, 14 na 15 za diski, hizo achana nazo. 3 na 4 ni za COM (bandari za serial; 3 ni COM2), 7 ya printa, 12 ya kipanya cha PS/2. Ugomvi uko kwenye 5, 9, 10 na 11. Kama COM2 huitumii izime, IRQ 3 inabaki wazi.

Sasa kadi ya ISA ya jampa (vile vipini vya kupangia namba kwa mkono), hiyo BIOS haiioni kabisa. Wewe umeiweka IRQ 5 na DMA 1 (DMA ni njia ya kadi kupeleka data kwenye memori bila prosesa), BIOS nayo inaona 5 iko wazi inampa kadi ya PCI, hapo ndo mashine inaganda. Nenda ukurasa wa PnP/PCI, hizo namba mbili ziandike Legacy ISA, yaani zina mwenyewe wa ISA, BIOS isizigawe. Kadi za PCI zinaweza kuchangia IRQ moja, za ISA hazitaki mchezo huo.

Na kabla ya hayo yote chukua karatasi uandike kila ukurasa ulivyo, hasa mstari wa diski kuu (hard disk). Sikuandika mimi. Nilihangaika na kadi ya sauti mpaka nikachoka nikabonyeza Load Defaults (kurudisha mipangilio ya mwanzo), nikajua nimerudi salama, kumbe diski ilikuwa LBA na sasa imekuwa Normal (njia mbili tofauti za BIOS kuhesabu sehemu za diski). Windows ikagoma kuwaka. Nikawasha kwa flopi nikaandika dir, majina ya mafaili yote yapo, moyo ukatulia, nikasema ni hitilafu ndogo tu, nikaita Scandisk (programu ya kurekebisha diski), kila ikiuliza irekebishe nami naitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Shida ni kwamba mwanzo wa diski unasomeka vilevile kwa njia zote mbili ndo maana majina yalionekana, ila huko mbele kompyuta inasoma sehemu siyo kabisa, na Scandisk ikawa inaandika juu ya data isiyo na tatizo ikidhani inatibu. Ningerudisha LBA tu ingewaka kama kawaida. Niliirudisha baadaye, imeshaharibika. Picha zote na kazi ya mwaka mzima, kwaheri.

Kwa hiyo diski ikileta maneno baada ya kugusa BIOS, usirekebishe chochote, rudi uangalie ule mstari kwanza.

Mengine unayajua: badili kitu kimoja, sevu, washa uone, ndo uende kingine. Usitoe kadi mashine ikiwa inawaka. Jampa ya kufuta CMOS (kumbukumbu inayotunza mipangilio ya BIOS) ijue iko wapi mapema, na waya wa umeme uchomoe kabla hujaigusa. Kama umeme wa kwenu unakatika katika subiri utulie, na kama kuna paswedi ya BIOS usiyoijua muulize mwenye mashine kabla hujaanza kufungua fungua skrubu