Jinsi ya kupima kutu ya shina kwenye ngano: asilimia na herufi yake

Ug99, aina kali ya kutu ya shina (ugonjwa wa ngano unaoletwa na kuvu), iligunduliwa Uganda mwaka 1998. Baadaye ngano za nchi nyingi zikaanza kupandwa Njoro, Kenya, kwenye kituo cha KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo), ili zijaribiwe na ugonjwa wenyewe. Maabara zipo, lakini kazi kubwa hufanywa na jicho, daftari na penseli. Mkulima wa Mau Narok anaweza kujifunza kazi hii.

1. Ingia shambani umande ukishakauka. Ukiwahi sana utalowa, na sampuli zako zitaota ukungu.

2. Hakikisha ni kutu ya shina. Kutu ya manjano hujipanga kwa mistari juu ya jani. Kutu ya majani ni vidoa vidogo vya mviringo, rangi ya chungwa, vilivyotawanyika. Ya shina huwa na vidonda virefu vya rangi ya matofali, na ngozi ya mmea hupasuka pembeni ikabaki kama karatasi iliyochanwa. Pitisha kidole: utahisi mikwaruzo, na unga mwekundu utabaki kidoleni.

3. Kadiria asilimia. Tunatumia kipimo cha Cobb kilichorekebishwa, yaani picha za mashina yenye vidonda vya viwango mbalimbali, 0 hadi 100. Wageni hukwama hapa, kwa kuwa 100 haimaanishi shina limefunikwa lote. Vidonda vikichukua 37% ya eneo la shina, hiyo tayari ni 100. Kwa hiyo weka picha ya kipimo kando ya shina, usitegemee kichwa. Tazama mashina kadhaa katikati ya kipande cha shamba. Yale ya ukingoni hudanganya.

4. Andika herufi inayoonyesha jinsi mmea unavyoukabili ugonjwa. Hatua hii ndiyo hurukwa, nami daftari lenye asilimia tupu huwa silihesabu.
- R (sugu): vidonda vidogo mno, vimezungukwa na sehemu iliyokufa.
- MR (sugu kiasi): vidogo, pembeni pamekufa au pamepauka.
- MS (dhaifu kiasi): vya wastani, huenda pamepauka kidogo.
- S (dhaifu): vikubwa, pembeni kijani kimetulia tu, mmea haupigani.

Sasa linganisha 40S na 40MR, yaani asilimia 40 yenye herufi S na yenye MR. Ili kupata alama moja, asilimia ya S huzidishwa kwa 1, MS kwa 0.8, MR kwa 0.4, R kwa 0.2. Ya kwanza inabaki 40, ya pili inashuka hadi 16. Asilimia ile ile, ngano mbili tofauti kabisa.

5. Rudia baada ya siku 7 hadi 10, mashina yale yale ukiweza. Usiridhike na sifa ya mbegu. Ngano aina ya Robin ilipendwa sana huku kwetu, kisha mwaka 2014 zikapatikana Kenya aina za kuvu zinazoishinda SrTmp, jeni yake ya kukinga kutu ya shina. Ngano iliyosifiwa jana ndiyo ya kuchunguza kwanza.

6. Chukua sampuli. Kata vipande vya shina vyenye vidonda vibichi, pamoja na ile sehemu ya jani inayolikumbatia shina. Tia kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki haufai hata kidogo. Unyevu utaleta ukungu mwingine. Kausha kivulini, andika tarehe, eneo na aina ya ngano, kisha mpelekee afisa wa kilimo au kituo cha utafiti.

Ovaroli uliyovaa ifuliwe kabla ya kuingia shamba la jirani. Unga ule husafiri kwa upepo, na kwa nguo pia.