Kikao cha kwanza cha ushauri nasaha kwa video: jinsi ninavyokiandaa

Wenzangu bado huniuliza kama tiba ya mtandaoni ni tiba kweli. Ni tiba. Kwa sonona na wasiwasi inasaidia sana, hasa mteja akiwa na mtu wa kumfuatilia. Programu za kujisomea peke yako, wengi huziacha njiani.

Hatua ya 1: Mpime kwanza. Natumia PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona: maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa 27. Usitazame jumla tu. Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu likizidi 0, mpigie siku hiyohiyo. Ndiyo maana situmi dodoso hili Ijumaa jioni, likalala bila kusomwa hadi Jumatatu.

Hatua ya 2: Jua alipo. Kila kikao, hata cha ishirini, huanza na "Leo uko wapi?" Naandika anwani, kwa sababu mambo yakiharibika gari la wagonjwa litahitaji mahali pa kwenda. Chukua pia namba ya mtu wake wa karibu, na mkubaliane kwamba mtandao ukikatika wewe ndiye utakayepiga simu ya kawaida. Hakikisha leseni yako inakuruhusu kumhudumia mtu aliye huko.

Hatua ya 3: Faragha. Hapa usiharakishe. Ukiuliza "Uko peke yako?" mteja anaweza kujibu ndiyo huku mtu amesimama nyuma ya mlango. Chagueni neno la siri litakalomaanisha "tubadili mazungumzo." Mteja wangu mmoja aliniambia wiki tatu mfululizo kwamba nyumbani kwake hakuna shida, lakini kila nyayo zilipopita macho yake yaliruka mlangoni. Tulihamishia kikao ndani ya gari lake lililoegeshwa. Siku hiyo ndipo alipoanza kulia.

Avae visikilizi. Bila hivyo, maswali yako yanasikika chumba kizima.

Hatua ya 4: Fidia usichokiona. Kwenye video unapata uso na mabega tu, kwa hiyo uliza: "Mikono yako inafanya nini sasa?" Ukimya nao una tabu yake, maana mteja hudhani mtandao umeganda. Mwambie, "Nipo, nakusikia, usiwe na haraka." Wengine husema mazito zaidi kamera ikizimwa, wakiomba, nawakubalia, ila kwanza nauona uso wao mwanzoni mwa kikao.

Hatua ya 5: Dakika kumi za mwisho. Anayetoka ofisini kwangu ana njia ya kutembea huku akitulia. Wa mtandaoni hubonyeza kitufe, na papo hapo yuko jikoni na watoto wanamwita. Usifungue jeraha jipya dakika hizo. Muulize: "Tukikata simu, unaanza na nini?" Akisema hajui, msikate kwanza, tafuteni jibu pamoja, hata kama ni kunawa uso na kukaa nje kidogo.